GB 290 Ndani ya Diski ya GB 256

Kompyuta ya Mac yenye diski ya GB 256 ina maktaba mbili za picha. Ya kwanza ni ya zamani, ya programu ya iPhoto, na Finder inasema ina GB 140. Ya pili ni ya programu ya Photos, nayo ina GB 150. Jumla GB 290, na humohumo kuna mfumo wenyewe, programu nyingine na nyaraka za kazi. Mwenye kompyuta haoni la ajabu mpaka siku anapotaka kuhamishia vyote kwenye diski ya nje yenye nafasi ya GB 200. Kazi inakwenda saa nzima, kisha inakatika: nafasi haitoshi. Anaamua kupunguza mzigo. Anaifuta maktaba ya iPhoto, anamwaga taka, anaangalia nafasi iliyoongezeka kwenye Mac, na anakuta GB chache tu.

Picha hupotea hapa. Ujumbe wa hitilafu haujawahi kufuta picha ya mtu. Zinazofuta ni dakika zinazofuata, pale mtu anapoanza kuondoa hiki na kile ili nafasi ipatikane. Kwa hiyo naliandika hili kwa msisitizo: katika kuhama kutoka programu moja ya picha kwenda nyingine, "nafasi haitoshi" ni suala la hesabu kabla ya kuwa suala la diski. Kompyuta ina njia kadhaa za kuhesabu, hazikubaliani, na kila moja ina sababu yake. Kabla ya kufuta chochote, ni lazima ujue ile namba unayoisoma imehesabu nini.

Tuanze na hizo maktaba mbili. iPhoto ilitoka mwaka 2002, na mwaka 2005 ikafuata Aperture, iliyotengenezwa kwa ajili ya wapiga picha wa kazi. Juni 2014 Apple ilitangaza kwamba haitaziendeleza tena, na Aprili 2015 ikatoa Photos pamoja na OS X 10.10.3. Watu waliokuwa na picha za miaka kumi na zaidi walitakiwa kuhama kwa mkupuo mmoja. Kama uhamaji huo ungefanywa kwa kunakili, kila mtu angehitaji nafasi maradufu, na wengi hawakuwa nayo. Wahandisi wakaikwepa kazi ya kunakili kabisa. Kila picha ya asili iliyokuwa ndani ya maktaba ya zamani iliandikiwa jina la pili ndani ya maktaba mpya, basi. Wakati ule malalamiko yalikuwa mengi, lakini kwa upande huu naona kazi ilifanywa kwa akili nyingi.

Katika mfumo wa mafaili wa Mac, jina la faili na data ya faili ni vitu viwili tofauti. Data ina namba yake, inayoitwa inodi, na jina ni maandishi ndani ya folda yanayosema "nenda kwenye namba fulani". Namba moja inaweza kuwa na majina mawili, kila moja katika folda yake. Mafundi wanaiita hadilinki. Ni kama mtoto anayeitwa Chausiku nyumbani na Rehema shuleni: likifutwa jina la Rehema kwenye daftari la shule, mtoto bado yupo. Mfumo unatunza hesabu ya majina, na nafasi kwenye diski inaachiwa jina la mwisho linapofutwa, si kabla ya hapo.

Unaweza kulishuhudia kwa macho yako. Bofya kulia juu ya maktaba ya iPhoto, chagua Show Package Contents, ingia kwenye folda ya Masters. Picha zimepangwa kwa mwaka, mwezi na siku ya kuingizwa. Chagua moja, fungua Terminal, andika ls -li, acha nafasi, kisha buruta ile picha hadi kwenye dirisha la Terminal na ubonyeze Return. Mstari unaorudi unaanza na namba ndefu, tuseme 8619452. Zinafuata herufi za ruhusa, kisha tarakimu moja peke yake: 2. Rudia kwa picha hiyohiyo ndani ya maktaba ya Photos. Kwa matoleo ya kabla ya macOS Catalina utaikuta nayo chini ya Masters. Inodi ni ileile, 8619452, na 2 ni ileile. Hiyo 2 ni idadi ya majina. Ukisoma 1, picha hiyo ina jina moja tu, na kulifuta ni kuifuta picha.

Finder huhesabu kila maktaba kivyake, kana kwamba nyingine haipo. Ndiyo maana ikaja GB 140 na GB 150. Amri ya du inafanya vingine. Ukiandika du -sh na kutaja maktaba zote mbili katika amri moja, itakayotajwa kwanza inabebeshwa mzigo wote, na ya pili inaandikiwa vile tu ambavyo ni vyake peke yake: hifadhidata yake, vijipicha vyake, na picha zilizoongezwa baada ya kuhama. Geuza mpangilio, mzigo nao unahama. Kwa kipimo hicho maktaba zetu mbili zinaweza kuwa na GB 160 tu kwa jumla. Na kwa kuwa picha zote za asili zimebaki na jina lao la pili ndani ya Photos, kuifuta ya zamani kunarudisha hizo GB kumi hivi zilizokuwa zake peke yake.

Sasa kwa nini diski ya nje ilikataa? Majina mawili yanaweza kuelekea kwenye data moja ndani ya volyumu moja tu. Hadilinki haivuki mpaka wa diski. Unix ina hata namba ya kosa kwa anayejaribu, 18, yenye jina EXDEV. Ukiburuta maktaba mbili kwenda diski nyingine, Finder inanakili ya kwanza yote, halafu ya pili yote, na kilichokuwa GB 160 kinakuwa GB 290 za kweli upande wa pili. GB 200 zitajaa njiani, lazima.

Tiba ya kawaida ni kupeleka maktaba mpya peke yake. Anayetaka zote mbili atumie amri ya rsync yenye alama ya -H, akizitaja zote katika amri moja. Alama hiyo inaiambia rsync itambue majina yanayoshirikiana data na iyajenge upya hivyohivyo huko yaendako, mradi diski pokezi inaruhusu. Lakini kabla ya kuiacha maktaba ya zamani, jiulize kama iliendelea kutumika. Zilichoshirikiana ni picha za asili. Hifadhidata ni mbili tangu siku ya kuhama. Albamu iliyopangwa iPhoto mwezi mmoja baadaye haimo Photos. Picha iliyoingizwa iPhoto baada ya hapo haimo pia, na ukiipima kwa ls -li itakuonyesha 1.

Namba ya kosa nayo isomwe, isipitwe. Mac ina desturi ya tangu zamani ya kutoa makosa yenye alama ya kutoa mbele yake: -34 ni diski imejaa, -36 ni kusoma au kuandika data kumeshindikana, -43 ni faili halikupatikana. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na nimeona watu wakiyatibu yote kwa kufuta. Ukipata -36 baada ya GB 30 kuhamia salama, kuongeza nafasi hakutasaidia chochote. Badilisha waya, acha kutumia hab ya USB isiyo na umeme wake, jaribu tena. Kunakili kukisimama kwenye picha ileile kila mara, basi sehemu hiyo ya diski inaanza kufa, na kazi iliyo mbele yako imebadilika: sasa unaokoa, huhamishi. Nakili kwanza vinavyosomeka, folda kwa folda, na usiendeshe ukarabati wowote juu ya diski hiyo kabla hujamaliza.

Diski nyingi za nje katika studio zetu zimefomatiwa exFAT, kwa sababu ya maana kabisa: kompyuta ya kuhariri ni Mac, ya kuchapa ni Windows, na diski inatakiwa isomeke pote. Kwa kubebea picha zilizokwisha kutolewa, exFAT inafaa. Kwa maktaba ya Photos haifai. Haina hadilinki, haina ruhusa za mafaili kama za Mac, na haina kumbukumbu ya kuilinda pale waya unapochomoka katikati ya kuandika. Apple inataka maktaba ikae kwenye diski yenye mfumo wa mafaili wa APFS au Mac OS Extended.

Kuna na suala la ukubwa wa vipande. Diski hugawanywa vipande, na faili hata likiwa dogo vipi linachukua kipande kizima. Windows ikifomati diski ya exFAT inayozidi GB 32, kipande kimoja kwa kawaida ni KB 128. Kwenye APFS ni KB 4. Maktaba ya picha ina vijipicha vingi mno. Chukua picha 60,000, kila moja na vijipicha viwili vya KB 10: mafaili 120,000. Kwenye APFS kila kijipicha kinachukua vipande vitatu, KB 12, na jumla haifiki GB 1.5. Kwenye exFAT ya vipande vya KB 128, mafaili hayohayo yanakula zaidi ya GB 15. Juu yake Mac huandika mafaili yanayoanza na nukta na mstari wa chini, ya kutunzia sifa ambazo exFAT haina pa kuziweka, na kila moja linadai kipande chake. Kwa hiyo mtu anahesabu vizuri, anaacha akiba ya GB 10, na bado anakwama karibu na mwisho, hapo ambapo inauma zaidi.

Kama diski haiwezi kufomatiwa upya kwa sababu ina vitu vya watu, fungua Disk Utility na utengeneze ndani ya diski hiyo sparsebundle yenye mfumo wa APFS, kisha maktaba iwekwe humo. Kwa macho ya exFAT hiyo ni folda ya vipande vikubwa vinavyolingana, na kwa macho ya Mac ni diski kamili. Iwe ya kubebea tu. Usifanyie kazi humo. Diski za FAT32 zina kikwazo kingine kinachojulikana zaidi, kwamba hazipokei faili la kufikia GB 4, na video moja ndefu ya harusi inazidi hapo bila shida.

Tangu APFS iingie na macOS High Sierra mwaka 2017, upo mtego mwingine. Time Machine huweka snapshoti ndani ya diski yenyewe ya Mac, karibu kila saa, na kuzitunza kwa muda wa saa 24 hivi. Snapshoti haiachii data iliyokuwapo ilipopigwa. Unafuta GB 60 za video, unamwaga taka, na amri ya df inaonyesha nafasi ileile. Wakati huohuo Finder inasema nafasi imeongezeka, kwa kuwa yenyewe inajumlisha na kile ambacho mfumo unaweza kukiachia ukibanwa. Programu inayohama inataka nafasi sasa hivi, na haisubiri kila mara mfumo ubanwe. Andika tmutil listlocalsnapshots / uzione. Kusubiri hadi kesho kunatosha mara nyingi, na ndiyo njia ninayoipendekeza. Asiyeweza kusubiri anazifuta kwa tmutil deletelocalsnapshots na tarehe husika, akiwa na bakapu kamili kwenye diski nyingine. Ndani ya Photos kwenyewe, picha iliyofutwa inakaa siku 30 kwenye albamu ya zilizofutwa karibuni, na kwa muda wote huo nafasi yake inahesabiwa.

Tatizo lililo kinyume cha haya yote linawapata wanaotumia iCloud. Aliyewasha uchaguzi wa Optimize Mac Storage anaona maktaba yake ni GB 40 na anaamini hizo ndizo picha zake. Kumbe picha za asili ziko kwenye seva, pengine GB 300, na kwenye Mac kuna nakala ndogo za kuangalia. Siku anapotaka kuhamia programu ya Lightroom anaagiza picha za asili zitolewe zote kwa pamoja, Photos inaanza kuzishusha, na diski inafurika. Wengine hawafiki hata hapo: wanaingia ndani ya maktaba, wanaburuta folda kwa mkono, wanaona imehamia haraka na kwa amani, na hawatambui kwamba picha nyingi za asili hazikuwamo. Tangu Catalina folda hiyo inaitwa originals, imegawanywa kwa herufi na tarakimu 0 hadi F, na majina ya picha ni misururu mirefu isiyosema lolote. Jina lililotoka kwenye kamera limo ndani ya hifadhidata, Photos.sqlite. Usiburute kutoka humo. Kwanza hamishia maktaba kwenye diski ya APFS yenye nafasi ya kutosha, ifungue kutoka huko ukiwa umeshika Option, iweke kuwa maktaba kuu ya mfumo, chagua kushusha picha za asili, na uiache imalize hata kama ni wiki. Intaneti yetu inalipiwa kwa kifurushi, kwa hiyo hilo nalo liwekwe kwenye bajeti mapema.

Katika kutoa picha, angalia unatoa nini. Simu za iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 hupiga HEIC, ambayo Apple inasema huchukua karibu nusu ya nafasi ya JPEG. Ukitoa zote kama JPEG, GB 100 zinaweza kukaribia GB 200. Picha za Live zina mafaili mawili, picha na video fupi. Na picha iliyohaririwa ina sura mbili, ya asili na iliyopikwa. Ukitaka zote mbili, tenga nafasi ya zote mbili. Kuna programu huria iitwayo osxphotos inayosoma hifadhidata ya Photos moja kwa moja na kutoa picha pamoja na majina yake, albamu na maneno msingi. Ni ya kuandikiwa amri, lakini kwa maktaba kubwa sijaona njia bora.

Upande wa Lightroom Classic nafasi inapotea kwa chaguo moja tu juu ya dirisha la kuingiza. Ukichagua Copy, Lightroom inanakili picha kwenda folda yake. Sasa unazo ndani ya maktaba ya Photos, kwenye folda ulikozitoa, na kwenye folda ya Lightroom, nakala tatu za kitu kimoja. Chagua Add, izisome hapohapo zilipo. Ndiyo kusema folda ya kutolea ipangwe tangu mwanzo iwe makao ya kudumu, si mahali pa kupitia. Vijipicha vya Lightroom vinakaa karibu na katalogi na hukua kimyakimya, hasa vile vya ukubwa kamili.

Hifadhidata za Photos na Lightroom zote mbili ni za SQLite, na hili lina athari ambayo wengi hawaijui. SQLite inapoandika huweza kuweka mabadiliko mapya kwenye faili la pembeni, lenye jina lilelile na -wal mwishoni, kabla ya kuyaingiza kwenye faili kuu. Anayenakili maktaba Photos ikiwa wazi, au anayeokoa Photos.sqlite peke yake, anaweza kupata hifadhidata iliyo nyuma ya hali halisi, au isiyofunguka. Diski iliyojaa kabisa inazuia hata mabadiliko hayo kuandikwa. Funga programu, ipe dakika chache kazi zake za nyuma zimalizike, ndipo unakili. Maktaba ikigoma kufunguka huko ilikokwenda, ifungue ukiwa umeshika Command na Option ili ikarabatiwe, na ukarabati huo ufanywe juu ya nakala, kamwe si juu ya maktaba pekee uliyonayo.

Limebaki jambo la picha ambazo hazikuwa ndani ya maktaba hata siku moja. Aperture iliruhusu, na Photos inaruhusu, picha zibaki kwenye folda zake za nje huku maktaba ikishika anwani tu. Kwa mpiga picha wa kazi huo ni mpangilio mzuri, ila maktaba ikihama anwani hizo zinabaki zikielekea kwenye diski ya zamani. Kila kitu kinaonekana kimefika, kwa kuwa vijipicha vimo. Pengo linajitokeza siku ya kuchapa. Tengeneza albamu ya kujipanga yenyewe yenye sharti la picha za nje ya maktaba. Ikionyesha zimo, chagua zote, nenda kwenye menyu ya File, bonyeza Consolidate, nazo zitanakiliwa ndani, kwa hiyo nafasi yao iwe imehesabiwa. Hakikisha diski zote za zamani zimechomekwa kabla ya kubonyeza, maana picha iliyoko kwenye diski iliyo kabatini haiwezi kunakiliwa. Albamu ikishakuwa tupu, diski hizo zinaweza kufomatiwa.